Sixbert Mchonga Silinda

Sijawahi kumpenda Sixbert, na sina sababu ya kujifanya leo. Aliyekufa husemewa mema, lakini yeye hajafa, yuko Vigwaza. Hapa Bagamoyo mimi ndiye ninayemjua kuliko wote, kwa sababu kwa miaka minne meza yake ya kazi ilitazamana na duka langu la vipuri pale Magomeni, barabara ya vumbi ikiwa katikati yetu. Nikifungua mlango asubuhi, mtu wa kwanza kumwona ni yeye: mrefu, nguo zimeganda grisi, kaupa mji mzima mgongo.

Alikuwa hasalimii. Kwa mtu wa hapa hilo peke yake linatosha. Sisi hata mtu tuliyegombana naye mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa tunamuuliza habari za asubuhi, za watoto na za wagonjwa, ndipo tunatukanana. Sixbert ukimwambia, "Habari za asubuhi, fundi," alikutazama mkononi aone umebeba nini. Kama hukubeba mashine, basi kwake yeye hujafika. Ramadhani ya kwanza dada yangu Zeyana alimpelekea bakuli la tende. Zeyana ni mkubwa kwangu, na marehemu baba alituachia duka sisi wawili. Alijua yule si Muislamu, lakini jirani ni jirani. Sixbert alikula tende zote. Kesho yake tukaliona bakuli letu la kauri liko mezani kwake limejaa petroli, anaoshea ringi za pistoni. Zeyana alicheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Kwao ni Mahenge. Baba yake alikuwa seremala wa misheni, na yeye tangu kijana aliishi kwenye misitu ya mitiki, kwanza akibeba magogo, kisha akishika msumeno, mwisho akiutengeneza. Mke wake, Asteria, mwalimu wa shule ya msingi, alibaki kulekule. Alikuja Bagamoyo mara moja, akakaa wiki, na siku ya kuondoka alipita dukani kuaga. "Dada Zeyana," alisema, "mimi narudi kwa wanafunzi wangu. Wao angalau nikiuliza swali wananijibu." Sixbert hakumsindikiza hata kituoni. Alikuwa na silinda mkononi.

Nieleze kazi yake, maana bila kuieleza hamtajua alichokipoteza. Msumeno wa mnyororo, huu tunaouita chenso, injini yake haina vali. Ina madirisha tu yaliyotobolewa kwenye ukuta wa silinda, moja la kutolea moshi na mengine ya kupitishia petroli iliyochanganywa na oili. Pistoni ikipanda na kushuka ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Kiwandani madirisha hayo hutengenezwa madogo, ili mashine isinywe sana, isipige kelele sana, na isimshinde mtu asiyeijua. Sixbert alikuwa anayachonga. Alilipanua dirisha la moshi na kulipandisha juu kidogo, chini ya unene wa ukucha. Aling'oa gasketi ya chini ili silinda ikae chini zaidi na mgandamizo uongezeke. Kisha alipenyeza kipande cha waya wa risasi, ule wa mafundi redio, kupitia tundu la plagi, akaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikaubana waya, akautoa na kuupima ulivyobanwa. Akisema "bado," hata ungepiga magoti mashine yako huipati.

Sehemu iliyomchukua muda mrefu ilikuwa kulainisha kingo za madirisha. Ringi hupita pale maelfu ya mara kwa dakika moja. Ukingo ukiachwa mkali ringi inajikwaa, inavunjika na kuuchana ukuta. Basi Sixbert alizungushia msasa kwenye kijiti cha mshikaki, akakaa nusu siku anasugua ukingo mmoja, anapitisha kidole, anasugua tena. Akimaliza, chenso ndogo ilikuwa inaula mwembe mkavu kama chenso kubwa. Wapasuaji mbao walitoka Mkange, walitoka Makurunge, wakapanga foleni kwa mtu asiyewaitikia salamu.

Na mimi nikakaa ndani ya duka nawatazama. Nilikuwa nauza chenso kubwa, na nilikuwa nauza silinda mpya. Kwa nini mtu aje kwangu ikiwa yule mwenye mashine ndogo anapata nguvu ileile ng'ambo ya barabara? Huo ndio mwanzo wa chuki, siufichi. Lakini mengine aliyaongeza mwenyewe.

Siku moja kijana mpasuaji anaitwa Clever alinunua ringi kwangu, akampelekea Sixbert azifunge. Punde nikasikia, "Muadh! Hebu njoo." Nikavuka barabara kama mjinga. Aliiingiza ringi ndani ya silinda, akaielekeza juani, akaniambia nichungulie.

"Unaona mwanga pembeni?"

"Naona."

"Sasa huyu umemuuzia ringi au umemuuzia bangili?"

Watu walikuwa kama kumi pale. Walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Mwezi mzima nikipita sokoni naitwa Bangili. Baba yangu aliuza vipuri mji huu miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumcheka.

Hakuishia hapo. Siku hiyohiyo alinishika bega akanionyesha silinda iliyokufa. "Kwa kuwa unauza usichokijua, tazama. Ukuta huu unasema kila kitu. Michubuko ikiwa hapa tu, chini ya dirisha, ringi imejikwaa, fundi ni mbovu. Michubuko ikizunguka ukuta mzima, fundi hana kosa, injini imekosa oili. Umeelewa, au nikuchoree?" Nilielewa. Kila ninachojua kuhusu kusoma silinda nilifundishwa na Sixbert, kwa kutukanwa.

Sasa nije kwenye oili. Injini hizi hazina oili yake peke yake. Mtu anaichanganya ndani ya petroli, na oili yenyewe ni ya aina yake, nyekundu. Wateja wetu wengi hawanunui kopo lililofungwa. Wananunua ya kupima, kutoka kwenye pipa, kwa chupa ya maji, na wanapima ubora wake kwa macho: ikiwa nyekundu ni nzuri. Baba aliuza hivyo, nami nikaendelea hivyo. Mwaka jana, kabla ya vuli, mzigo ulichelewa na pipa likaisha, wateja wamesimama mlangoni. Stoo kulikuwa na oili ya malori. Nikaimimina pipani. Rangi haikuwa yake, basi nikayeyusha kopo la rangi nyekundu ya sakafu, ile ya nta wanayopigia baraza, nikakoroga. Ilitoka nyekundu ya kupendeza. Nilijiambia ni ya siku mbili tu. Mzigo ulipofika nikaona faida niliyoipata, nikayeyusha kopo la pili, kisha la tatu.

Sikufanya vile ili kumdhuru Sixbert. Ilikuwa tamaa tu. Wenye maboti walinunua, wenye chenso za kawaida walinunua, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Waliorudi ni wenye silinda za Sixbert. Mzee Mtoro, mkubwa wa wapasuaji wa Mkange, alikuwa amepata kazi ya kung'oa mikorosho na miembe mizee kwenye shamba moja upande wa Makurunge, na mwenye kazi alitaka pori liwe jeupe kabla ya mvua. Alikuwa na chenso sita, zote zimechongwa na Sixbert. Ndani ya siku tisa nne zilinoki. Pistoni zilikwama ndani ya silinda, zikagoma kabisa. Mwenye kazi hakusubiri, akaleta watu wengine. Vijana wa Mtoro walirudi mjini wamekaa juu ya magogo ndani ya fuso, na walishuka wakiwa wanamtaja Sixbert kwa jina la mama yake.

Nilipozisikia habari hizo nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa. Nilikwenda nyuma ya duka nikatabasamu peke yangu, na ilinichukua mpaka jioni kuanza kujiuliza kwa nini zife zile tu. Jibu nililijua kabla sijamaliza kujiuliza. Injini ya silinda iliyochongwa inazunguka kasi zaidi na inapata joto zaidi. Oili ya lori na nta ya sakafu zingeweza kuivusha injini iliyolala. Iliyoamshwa na Sixbert zisingeiweza.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, Mzee Mtoro na vijana wake walikaa kwenye baraza ya duka langu. Walipachagua kwa sababu ndipo penye nafasi na kivuli. Silinda nne na pistoni zake zilipangwa juu ya gunia. Sixbert aliitwa, akavuka barabara akifuta mikono.

"Fundi," alianza Mzee Mtoro, na alikuwa bado na adabu, "mashine zetu zimekufa. Tunataka kusikia kwako."

Sixbert aliinama. Aliinua pistoni ya kwanza, akainusa. Akainusa ya pili. "Mmetia oili gani humu?"

"Ileile ya siku zote," alisema Clever. "Ya hapahapa."

"Inanuka baraza iliyopigwa rangi."

Watu waliangua kicheko. Nami nilicheka, kwa sauti kuliko wote, na mikono nikaificha mfukoni.

"Chenso ya shemeji yangu inatumia oili hiyohiyo na inadunda," alisema Clever. "Maboti yote pale ufukweni yanatumia hiyohiyo. Zinakufa zako tu."

"Kwa sababu ya shemeji yako ni jembe!" Sixbert alipaza sauti. "Haijaguswa, haipati moto. Hii inazunguka, inataka oili ya kweli. Nimewaambia mara ngapi? Vichwa maji nyinyi, mnanunua oili kwa rangi kama mnanunua kanga! Mnapewa kitu kizuri mnakilisha takataka, halafu mnakuja kukaa hapa kama mahakimu!"

Alikuwa anasema kweli, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa linamzika. Niliziona nyuso za wale vijana. Hakuna hata mmoja miongoni mwao ambaye Sixbert hakuwahi kumwita mjinga mbele ya watu. Walikuwa wamemvumilia kwa ajili ya mikono yake, na sasa mikono yenyewe ndiyo imewaponza.

"Mzee, unamsikia?" alisema Clever. "Katutia hasara na anatutukana juu yake."

Mzee Mtoro aliinua mkono wakanyamaza. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu Muadh. Baba yako tulimwamini kwa mambo haya. Wewe ni mtu wa vipuri, unaelewa. Itazame hii, utuambie tatizo ni nini. Utakalosema wewe ndilo tutakalolishika."

Akanipa silinda.

Niliielekeza juani nikachungulia. Michubuko ilikuwa imezunguka ukuta mzima, juu mpaka chini, kama iliyoandikwa na mwalimu ubaoni. Kingo za dirisha zilikuwa laini. Nilipitisha kidole, hazikukwaruza hata kidogo. Ningeweza kumwita mtu yeyote pale nikamwonyesha kwa dakika moja. Nyuma yangu, hatua tatu tu, kulikuwa na pipa.

Hasira ilimtoka Sixbert usoni kabisa, na nikaelewa kwa nini: alikuwa ameona nimepewa mimi. Katika baraza nzima mimi tu ndiye niliyeweza kuisoma ile silinda, na yeye ndiye aliyenifundisha. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alisema taratibu, bila tusi, "Itazame vizuri, Muadh."

Nikamchukia zaidi kwa kuniamini.

"Ni kingo," nikasema. "Hazikulainishwa. Ringi imejikwaa dirishani."

Mzee Mtoro alishusha pumzi. Vijana walianza kusema wote kwa pamoja, na wawili walikuwa tayari wanavuka barabara. Nilisubiri Sixbert anirukie. Nilitaka anirukie. Nilitaka aniite mwizi, aniite Bangili, alisogelee pipa na kulipindua, maana mambo yangekwisha palepale kwa namna moja au nyingine. Yeye alikuja mpaka mbele yangu, akaichukua silinda mikononi mwangu, akaitazama tena, kama mtu anayehakikisha kwamba ni yeye asiyejua kusoma.

"Umeisoma?" aliniuliza.

"Nimeisoma."

"Haya," akasema, akaiweka juu ya gunia.

Walichukua mashine yake ya kusagia, jiliwa na tupa zake zote, kufidia kazi waliyoipoteza. Walimwachia mfuniko wa ndoo ya rangi aliouchora mistari ya kupimia mzunguko wa injini, kwa sababu hakuna aliyejua ni wa nini. Siku ya pili meza ilikuwa tupu. Mama muuza vitumbua ndiye anayeitumia sasa.

Zeyana hakuwepo siku ya kikao, lakini ndiye anayefagia nyuma ya duka. Wiki ileile aliingia akaweka makopo matatu matupu juu ya kaunta, mbele yangu.

"Rangi ya sakafu," alisema. "Na sakafu yetu ni ya vigae, Muadh. Nyumbani pia vigae."

Niliyasogeza makopo chini ya kaunta.

"Lahaula. Yule mtu ameondoka na nguo alizovaa." Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Utakwenda kwa Mzee Mtoro umwambie."

"Nitakwenda, dada."

Sikwenda. Nilijua nikienda sitapoteza duka tu, jina la baba litaburuzwa sokoni, nalo ni jina la Zeyana pia. Hivyo ndivyo nilivyojitetea mwenyewe. Badala yake nilichimba shimo nyuma, nikamwaga pipa lote, nikaliosha, nikalitoboa lisitumike tena. Tangu siku hiyo duka letu linauza oili ya makopo yaliyofungwa, ya kweli, na mteja akinung'unika namwambia hii ndiyo iliyopo. Nilisali nikaona kifua kimepungua uzito. Nilijihesabia kwamba nimetubu.

Chenso zikaacha kufa.

Ningejua mapema kwamba itakuwa hivyo kama ningefikiri, lakini sikufikiri. Miezi miwili baadaye Mzee Mtoro alipita dukani kununua mnyororo, akaketi kwenye kiti cha baba, uso umechangamka.

"Umeona, mwanangu?" alisema. "Tangu aondoke yule, hakuna mashine iliyonoki. Hata moja. Hata hizi mbili zilizobaki, alizozichonga yeye mwenyewe, zimetulia, zinafanya kazi vizuri ajabu. Tumekuja kuelewa. Alikuwa kila tukimpelekea kurekebisha kabureta anazichezea ili zife turudi kwake. Shetani mkubwa! Nilikuwa na shaka kidogo, Mungu anisamehe, nikasema labda tumemwonea. Sasa sina shaka."

Zeyana alikuwa anapanga plagi kwenye rafu. Alisimama, mkono hewani.

"Yuko Vigwaza anatafuta kazi," Mzee Mtoro aliendelea. "Kuna mwenye mashine za mbao kule kaniuliza kuhusu yeye. Nimempa namba yako. Wewe ndiye uliyeziona silinda."

Simu ilipigwa siku ya tatu. Alikuwa mwanamke, mtu wa bara kwa lafudhi yake, mpole. Alisema yeye na mumewe wana chenso tano, na huyu fundi anakuja kila siku anasimama getini kwao. Alikuwa tayari kuwachongea moja ya majaribio, bila malipo, wajionee. Wao walimwonea huruma lakini waliogopa.

"Kaka yangu, sitaki kumnyima mtu riziki yake kwa maneno ya kusikia," alisema. "Wewe uliitazama kwa macho yako. Ni kweli alikosea?"

Zeyana alikuwa amesogea mpaka kwenye kaunta. Alikuwa ananitazama mdomoni tu.

Nikafikiria nianzie wapi. Ningeanza na silinda, ningefika kwenye oili. Ningeanza na oili, ningefika kwenye kicheko changu pale barazani na mikono niliyoificha. Yule mama alikuwa ananisubiri, nasikia na msumeno unanguruma nyuma yake.

"Ni kweli," nikamwambia. "Alikosea."

Zeyana alivua ufunguo wa stoo shingoni, akauweka juu ya kaunta, akatoka. Hajarudi dukani mpaka leo.